Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini: Kupimwa madini ya risasi mwilini kusiwe kumwaga unga

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa miaka minne nilifua ovaroli ya mume wangu kwa mkono, kwenye beseni lile lile nililowaogeshea watoto. Maji yalitoka ya kijivu, nami nikadhani ni uchafu wa kazi tu. Alikuwa kibarua mahali wanapoyeyusha betri kuukuu za magari, hapa Mombasa. Walizipasua kwa shoka, wakamwaga asidi, wakachomoa sahani za risasi na kuzitupa tanurini. Usoni walijifunga vitambaa, ambavyo havimkingi mtu ipasavyo na moshi wa risasi. Mchana walikula papo hapo, mikono wameifuta kwenye suruali, maana bomba lilikuwa moja na mara nyingi halikutoa maji.

Ninachokuomba ni hiki: mfanyakazi anayekutwa na risasi nyingi mwilini aondolewe kwenye moshi na vumbi hilo, na mshahara wake uendelee kulipwa.

Kwa nini nang'ang'ania mshahara? Siku moja walikuja watu wa maabara, wakawatoa damu vibarua wachache. Hakuna aliyeonyeshwa majibu yake. Wiki iliyofuata, mmoja wa waliopimwa aliambiwa langoni asirudi tena. Nafasi yake akapewa kijana aliyekuwa amesimama nje akisubiri. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kusema anaumwa. Mume wangu tumbo lilimsokota, akakaa siku nne bila kwenda choo, kichwa kikimgonga, na kila asubuhi akaniambia ni malaria. Alijua si malaria. Aliogopa kumwaga unga.

Kanuni za uchunguzi wa afya za wafanyakazi tunazo tangu 2005, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini tangu 2007. Lakini kipimo kinachomfukuzisha mtu kazi, nani atakitaka? Wafanyakazi watakikwepa, na mwajiri ataendelea kuajiri damu mpya badala ya kununua mitambo ya kufyonza moshi. Marekani waliliona hili mapema. Kanuni yao ya mwaka 1978 inamtaka mwajiri amhamishe mfanyakazi ambaye risasi katika damu yake imefika mikrogramu 60 kwa desilita, huku malipo na cheo chake vikilindwa kwa muda usiozidi miezi 18. Kiwango chenyewe kiko juu mno kwa tunayoyajua leo, kwani Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Ila ile kanuni ya mshahara, Mheshimiwa, ndiyo inayomfanya mtu anyooshe mkono atolewe damu bila hofu.

Tena kipimo kina wakati wake. Risasi hukaa kwenye damu kama mwezi mmoja hivi, halafu nyingi huhamia mifupani na kujificha humo kwa miongo. Sisi tulimpima mume wangu kwa pesa zetu, miezi saba baada ya kuachishwa. Daktari alituambia kiwango kimeshashuka. Leo kiganja chake cha kulia kinaning'inia, hawezi kukiinua ashike kikombe, na hatuna hata karatasi moja ya kuonyesha damu yake ilikuwaje siku zile za tanuri. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ipo. Tutaidai kwa ushahidi gani?

Usiniambie haya ni mageni, maana mtaa wa Owino Uhuru uko hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa pale mwaka 2007 na kikafungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, aligundua kuwa mwanawe anayenyonya ana risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na walilazimika kupigania hukumu hiyo hadi Mahakama ya Juu. Kila nikisoma habari zao nawashukuru, kisha nawawaza waliokuwa ndani ya ukuta, waliosimama kwenye tanuri lenyewe.

Na risasi haibaki kazini. Mtoto mdogo aweza kufyonza mara nne au tano ya kiasi anachofyonza mtu mzima, na wangu walimkimbilia baba yao mlangoni akiwa na ovaroli yake. Kwa hiyo nguo zifuliwe huko huko kwa gharama ya mwajiri, na pawe na maji ya kuoga kabla mtu hajatoka. Mfanyakazi apewe majibu yake mkononi, yeye kwanza. Na kibarua wa kulipwa kwa siku ahesabiwe kuwa mfanyakazi, maana hao ndio wengi, na ndio ambao majina yao hayamo kwenye daftari wakaguzi wako wanapofika.

Tuma wakaguzi bila kupiga simu kwanza. Waje asubuhi, tanuri likiwa limewashwa, waongee na vijana walioko nje ya lango pia.

Ovaroli ya mume wangu bado ninayo, nimeifunga kwenye gunia juu ya kabati ambako watoto hawafiki. Ofisi yako ikitaka kuipima, nitaileta mwenyewe.

Mke wa kibarua,
Mombasa