Maji ya sentimita mbili

Bwana Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wenu mmoja alilalamika kwamba watoto wetu, vakansi ikifika, wanashinda ndani wameinamia simu. Sina ugomvi naye. Nataka tu kumuuliza: akiwatoa nje, anawapeleka wapi?

Swali hilo nilirudi nalo kutoka Bordeaux, Ufaransa. Binti yangu alijifungua huko, nami nikavuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, nikapandia ndege Kigali, nikaenda kumtunza. Alikuwa na wakubwa wawili, wa miaka sita na mitatu, na ilikuwa Agosti. Joto la kule usilifanyie mzaha: nyumba iko ghorofa ya nne, na kuta zinatoa moto mpaka usiku. Siku ya tatu akaniambia, "Mama, hawa wapeleke kwenye maji, nilale kidogo." Nikashika mkoba kutafuta pesa ya kiingilio. Akacheka. Hakuna kiingilio.

Tramu inawashusha palepale. Mbele ya majumba ya zamani ya Place de la Bourse, kando ya mto Garonne, kuna uwanja wa mawe meusi ya itale, mita za mraba 3,450, unaoitwa Miroir d'eau, yaani kioo cha maji. Ulifunguliwa mwaka 2006, na aliyeuchora ni Michel Corajoud, bingwa wa bustani na viwanja. Maji juu yake ni sentimita 2. Narudia, mbili: hayafiki kwenye kifundo cha mguu wa mtoto. Yanatulia, majumba yanajitazama humo, kisha yananywea kwenye matundu ya sakafu, na baada ya muda ukungu unapanda kutoka chini mpaka kumpita mtu mzima kimo. Hapo watoto wote wanapotea machoni, unabaki kusikia vifijo tu. Mara ya kwanza nilishtuka, nikaita majina mawili kwa sauti ile ya darasani, mpaka mzungu mmoja mzee, suruali kaikunja magotini, akageuka kama ameitwa yeye. Ukungu ulipofifia nikawaona: mdogo amelala kifudifudi juu ya jiwe, anapiga mikono kama anavuka ziwa.

Ndivyo mtoto anavyolowa chapachapa kwa maji ya sentimita mbili. Sikuwa na nguo ya kumbadilisha. Nilimfunga kitenge changu cha juu, tukarudi hivyo hivyo kwenye tramu, na hakuna aliyetushangaa. Kwa hiyo anayebahatika kusafiri na wadogo miezi hiyo abebe nguo mbili mbili, na kofia, maana kivuli pale ni haba, na ndala zenye meno, itale ikilowa inateleza. Na maji ya kunywa yatoke nyumbani. Yale ya uwanjani yanazungushwa: chini ya ardhi kuna birika la mita za ujazo 800, yanatoka na kurudi. Si ya kunywa. Mtoto atajaribu.

Paris nako, tangu 2017, kila majira ya joto mji unatandaza mabwawa ya kuogelea ndani ya beseni la zamani la mfereji, La Villette, bure, na waokoaji wamesimama. Sikufika, nimeonyeshwa picha.

Niliporudi Bukavu nilimwonyesha mjukuu wangu wa hapa, wa miaka saba, video ya binamu zake. Aliitazama mara mbili, kisha: "Koko, bidoni zao wameweka wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kwake yeye, mtoto aliyesimama kwenye maji mengi ametumwa. Kiangazi chetu kinaangukia miezi ileile ya joto lao, na ndipo robine zinapokauka na bidoni ya njano, dumu la maji la lita 20, inapopanda mlima juu ya kichwa kidogo. Vakansi hiyo.

Nikamwahidi maji yasiyo na bidoni. Jumamosi tukateremka. Mji wetu husemwa kuwa ni mkono uliochovya vidole vitano ndani ya ziwa Kivu. Katika mkono mzima huo hatukupata hata ukucha. Ukuta, geti, ukuta, ua wa miti, geti. Mahali pamoja sentineli alitaka dola mbili kwa kila kichwa, "na mtoto naye ni kichwa, mama." Alisema kwa upole, ametumwa naye. Palipobaki wazi ni pa mitumbwi na mizigo, penye chupa na mifuko inayoshushwa na mto Kawa, plastiki zilezile ambazo zikifika Ruzizi zinakwamisha bwawa la umeme. Kipindupindu tunakijua kwa jina. Sikumruhusu hata kuvua viatu.

Mimi nimejifunza kuogelea katika ziwa hili, mwisho wa avenyu yetu, na hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi. Sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, hauuzwi. Mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Basi ukuta unaoingia mpaka majini umepewa haki gani? Nauliza kama mwalimu, nikitaka jibu.

Najua nitakachoambiwa, maana mwanangu mwenyewe amekwisha kuniambia mezani: mji hauna maji ya kunywa, wewe unalilia ya kuchezea. Lakini siombi itale wala mashine ya ukungu. Naomba kipande cha ufuo, hata mita thelathini, kisicho na geti. Mawe yapangwe majini ili watoto wabaki kwenye kina kifupi, maana Kivu linateremka ghafla, na huko kaskazini kina chake kinakaribia mita 480. Awepo mtu wa kuwaangalia. Taka zizuiwe juu, kabla hazijafika chini. Mawe tunayo, na mafundi wa kuyapanga tunao: zile kuta wamezijenga wao.

Na kama kuna msomaji anayejua leo, mahali popote kati ya mitaa yetu ya Nguba na Muhumba, ambapo mtoto anaweza kuingiza miguu ziwani bila tikiti na bila kuumwa tumbo kesho yake, aandike hapa gazetini. Jumamosi zangu zote ziko wazi, na safari hii nguo za kubadilisha nimekwisha kuzifunga.

Koko wa wajukuu saba,
mwalimu mstaafu, Bukavu