Mume wangu ni mzee wa kanisa, lakini masale yamehama

Mpendwa mshauri,

Nina miaka 52, Mlutheri. Kwetu ni Bukoba, nimeolewa Kilimanjaro. Mume wangu ni mzee wa kanisa mwaka wa 14 huu. Bahasha ya ahadi haimlali. Kwenye mnada wa mavuno baada ya ibada, mkungu mmoja ataupandisha bei mpaka watu wapige makofi. Jumuiya ikikaa kwetu, sala ya kufungua ni yake na ya kufunga ni yake. Hanywi, hajawahi kunipiga. Nayasema haya usije ukadhani naandika kwa chuki.

Shida iko kihambani, shamba letu la ukoo la migomba na kahawa. Shemeji yangu alifariki 2019. Kihamba chake kinapakana na chetu, na mpaka ni mstari wa masale, mimea ya mpaka ya Wachagga, aliyopanda baba mkwe. Masika yaliyofuata nilitoka alfajiri kukata majani ya ng'ombe, nikamkuta baba watoto ameinama anang'oa masale na kuyachomeka hatua tano ndani, upande wa mjane. Aliniona. Akasema, "Yamezeeka, nayapanga upya." Sale ukilichomeka popote linashika, kwa hiyo leo mpaka ule mpya utadhani ni wa enzi za mababu. Migomba 7 imekuja kwetu, na mibuni kadhaa. Mjane alipolalamika, wazee wa ukoo waliitisha kikao. Aliyekiongoza ni mume wangu.

Ndizi za pale ndizo ninazopikia mtori mchungaji akitutembelea.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Uamsho, ule wa Gahini, Rwanda, uliofika mpaka kwetu Bukoba. Siku aliyookoka alianza na jembe, wimbo wao wa Tukutendereza ukaja baadaye. Alikuwa amelichukua kwa jirani miaka mingi nyuma. Akalibeba kichwani mchana kweupe, limeshalika nusu, akalirudisha pamoja na mkungu wa ndizi. Sisi wajukuu tulikuwa tukimcheka.

Mwezi uliopita somo la jumuiya lilikuwa Luka 19, Zakayo, na mume wangu ndiye aliyeongoza. Alieleza habari za ule mkuyu kwa ufundi, jinsi yule mfupi alivyoparamia, watu wakacheka. Kufika mstari wa 8, pale pa kurudisha mara nne, akatazama saa, akasema muda umetutupa mkono. Tukatoa sadaka, tukafunga.

Tangu siku ile siendi Meza ya Bwana. Wenzangu wakiinuka, mimi nabaki kwenye benchi. Minong'ono imeanza kwamba nimerudi nyuma. Juzi akaniambia, "Mama watoto, nenda tu ukapokee, unaniaibisha." Nikamuuliza, na masale je? Akanijibu kwamba mambo ya shamba si mambo ya kanisa.

Huku Uchaggani aliyekosa hubeba jani la sale akaenda kuomba radhi, na aliyekosewa huona tabu kulikataa. Mara mbili nimelichuma, mara mbili limenyaukia dirishani. Kwenda kwa mjane ni kumvua nguo mume wangu, kwa mchungaji ni hivyo hivyo. Na ardhi yenyewe si yangu kusema nairudisha.

Sasa nishauri: nisubiri mpaka aguswe mwenyewe, au jani nilibebe mimi? Na kwenye lile benchi nikae mpaka lini?

Msomaji wako,
Kilimanjaro