Shukrani kwa kaka wa kamba ya kiatu

Jumamosi tulitoka Kimara na vijana 14 wa timu yetu ya mtaani kwenda kucheza Chamazi, humuhumu Dar es Salaam, si mbali na uwanja wa Azam Complex. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, kufika Gerezani, katikati ya jiji, ni rahisi. Kuvuka kwenda pembezoni nyingine ya jiji ndiyo ilikuwa kazi: tukaunganisha daladala hadi Mbagala Rangi Tatu, kisha nyingine tena. Katika hekaheka ya kushusha watoto pale Rangi Tatu, begi la jezi likabaki chini ya siti.

Wewe kaka uliyekaa nyuma uliliona. Ulikuwa umewasikia watoto wakiutaja uwanja, ukakodi bodaboda kwa pesa yako, ukatufuata. Ulifika refa ameshatazama saa mara ya pili na golikipa wetu anafuta machozi kwa glovu. Zipu ilikuwa mbovu, nawe uliifunga kwa kamba ya kiatu chako jezi zisidondoke njiani. Nilipogeuka kuwaita watoto waje kukushukuru, ulikwishaondoka. Hata jina sikukuuliza.

Asante sana, kaka yangu. Kamba yako ninayo. Nitafute nikurudishie, pamoja na nauli ya boda. Watoto wanakuulizia kila mazoezi.