Asante, dada wa kliniki ya ngozi

Dada yangu, jina lako sikulipata, lakini natumaini hapa Tanga shukrani hizi zitakufikia. Binti yangu ana soriasisi ya kichwani, ule ugonjwa wa ngozi kuota magamba. Alikuwa akipigwa mionzi ya UVB, ile ya taa ya kutibu ngozi, na kupakwa dawa, nafuu hatuioni. Wewe ulitusogelea kwenye benchi, ukatoa kitana chako, ukamgawa nywele mstari kwa mstari mpaka ngozi ikaonekana. Ukasema, "Dada, nywele na magamba ni paa la makuti, mwanga haupiti." Ukanieleza tulainishe magamba kwa mafuta usiku, asubuhi tuoshe kichwa vizuri, dawa ya asidi ya salisiliki isipakwe kabla ya mionzi maana huizuia, na ile ya kalsipotrioli ingoje mpaka baada ya taa, kwa kuwa mionzi huiharibu. Daktari nilipomuuliza aliafiki yote.

Tena ulimkumbatia mwanangu mbele ya watu waliokuwa wakimkwepa, na ugonjwa wenyewe wala hauambukizi! Hilo ndilo lililoniliza.

Magamba yamepungua sana, ameshasukwa tena kule Ngamiani. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, wewe na wanao.