Usitie Saini Kwanza, Zuhura

Majengo, Mombasa
Jumanne usiku

Kwako shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum warahmatullah. Habari za Likoni, habari za watoto, na mamako goti lake laendeleaje? Huku kwetu hatujambo, joto tu ndilo linalotusumbua. Mama Swabra anakusalimu, anasema zile leso zako bado ziko kwake na hazijaguswa. Niwie radhi kwa kimya, na uniwie radhi pia kwamba salamu ni za mbio. Zile picha za karatasi ya bima ya sungura wako Pamba ulizonitumia zimenikosesha utulivu, na wasema ajenti anarudi Ijumaa.

Shoga, usitie saini kwanza.

Nimeisoma karatasi ile ukurasa kwa ukurasa. Hiyo ni bima ya mifugo, ile ile wanayokatiwa ng'ombe wa maziwa, na kazi yake ni moja: mnyama akifa kwa maradhi au ajali, mwenyewe hulipwa thamani yake. Tazama ukurasa wa pili, pale penye thamani ya mnyama. Ajenti ameandika shilingi 2,000. Maana yake, Pamba akifa, Mungu apishe mbali, utapewa hizo 2,000 baada ya kukatwa eksesi, yaani kiasi cha mwanzo unachobeba wewe, na kabla hujapewa wanataka cheti cha daktari kinachoeleza kilichomuua. Huyo daktari utamlipa mwenyewe. Pesa za kumtibu akiwa hai hazimo, si ukurasa wa kwanza, si wa mwisho. Nawe kinachokuumiza ni bili ya daktari.

Kile kiungo cha mtandao alichokutumia kakako kutoka Leicester ni jambo jengine. Hiyo ni bima ya matibabu kweli. Uingereza, kampuni ya Petplan humkatia sungura bima kama mbwa na paka, na Marekani kampuni ya Nationwide huwachukua sungura pamoja na ndege na kobe. Lakini ni bima za wanyama wanaoishi huko na kutibiwa huko. Usije ukashawishika kujaza anwani ya kakako. Siku ukipeleka risiti ya daktari wa Mombasa hutalipwa, na ada zote ulizotoa zitakuwa zimekwenda. Faida ya kile kiungo ni kuyasoma masharti yao, ili ujue bima ya matibabu ya sungura huwa na nini ndani, halafu umuulize ajenti swali moja moja.

Na ndani huwa na haya. Kuna ile eksesi, inayokatwa kwenye kila bili. Kuna asilimia unayochangia katika kinachobaki. Kuna kikomo cha mwaka, na bima nyengine zina kikomo cha kila maradhi, kikiisha ndiyo basi hata kama mwaka haujaisha. Kuna muda wa kungoja, mara nyingi siku 14 kwa maradhi, ambapo unalipa ada lakini akiugua hulipwi. Na kuna lile linalonitia hofu zaidi kwa Pamba: maradhi yaliyokuwepo kabla ya bima hayalipwi.

Chukua kalamu tupige hesabu ya mfano. Tuseme ada ni 900 kwa mwezi, mwaka mzima ni 10,800. Eksesi 3,000 kwa kila tukio, na mchango wako asilimia 20. Bili ikija 8,000, toa 3,000, inabaki 5,000. Toa asilimia 20, unarudishiwa 4,000. Ili ada yako irudi, Pamba augue hivyo mara tatu kwa mwaka mmoja, tena kwa maradhi yanayokubaliwa. Bili ikija 30,000 hesabu inageuka: unarudishiwa 21,600, na hapo bima imekufaa sana. Kwa hiyo bima ya matibabu inafaa kwa lile pigo kubwa usiloweza kulibeba. Bili ndogo ndogo haiziondoi. Ukiniuliza mimi, mwenye sungura mchanga ambaye kadi yake ya daktari haijaandikwa kitu, na bima yenye kikomo kikubwa, namwambia akate. Pamba hayuko hapo.

Sababu ni meno. Daktari ameshaandika kwenye kadi kwamba meno ya mbele yamerefuka na hayakutani sawa. Tarehe ipo. Bima yoyote utakayokata leo itaomba kadi hiyo, na meno yatatolewa nje ya malipo. Bima nyingi hata hazigusi meno kabisa, au huyalipa kidogo tu. Sasa fikiri: maradhi ambayo bila shaka yatakurudisha kwa daktari ndiyo hayo hayo yasiyolipwa.

Nikueleze kwa nini yatakurudisha. Meno ya sungura hayaachi kukua maishani; ya mbele huongezeka milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Yakikutana vizuri hujisaga yenyewe. Yasipokutana, ya chini hutoka nje na ya juu hujipinda kuelekea kinywani, na baada ya wiki 4 hadi 8 unarudi tena kupunguza. Ukienda kila wiki 6, hiyo ni karibu mara 9 kwa mwaka. Zidisha kwa bei unayotozwa sasa. Halafu muulize daktari bei ya kuyang'oa yale meno ya mbele moja kwa moja. Ni upasuaji, na siku yake utaona ni ghali, lakini ukigawa kwa mwaka mmoja au miwili huenda ikawa nafuu kwako na nafuu zaidi kwake. Sungura aliyeng'olewa meno ya mbele hula vizuri tu, hushika kwa midomo; wewe kazi yako ni kumkatia mboga vipande vyembamba. Kabla ya hapo daktari ayatazame na magego, kwa kifaa chenye taa na ikibidi eksirei, kwa sababu magego yakiwa yameota ncha kali, kung'oa ya mbele hakutamaliza tatizo.

Na tafadhali, mtu asiyakate kwa koleo la kucha. Najua kuna watu wanafanya hivyo kwa bei ya chini. Jino la sungura likibanwa na koleo hupasuka kwa urefu, ufa ukashuka hadi kwenye mzizi, usaha ukaingia kwenye taya. Jipu la taya la sungura usaha wake ni mzito, hautoki kwa kukamua, lazima likatwe lote. Bili yake hutaki kuijua. Meno husagwa kwa mashine ndogo ya kuzunguka, basi.

Tukirudi kwenye pesa: ile ada ya bima jilipe mwenyewe. Shilingi 200 kila wiki ni 10,400 kwa mwaka, na zinabaki zako Pamba akiwa mzima. Usiziweke kwenye M-Pesa ya kawaida, nakujua, zitaingia kwenye unga na nauli. Zifunge, au mpe Kombo azishike pamoja na zile za chama lakini ziandikwe kando. Ubaya wa mfuko ni mmoja: maradhi yakija mwezi wa pili mfuko bado mtupu. Ndiyo maana nataka uzungumze na daktari sasa, sungura akiwa mzima, umuulize kama anakubali malipo ya mafungu. Muulize pia gharama ya sungura aliyeacha kula: kumuona, eksirei, maji ya kudungwa, dawa ya maumivu na kulazwa usiku mmoja. Jumla hiyo ndiyo iwe shabaha ya kwanza ya mfuko. Kila ukienda dai makadirio kabla kazi haijaanza, ya chini na ya juu, na bili iliyochanganuliwa. Na hakikisha ni daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Sungura kuacha kula ndiyo dharura ninayotaka uitambue kuliko zote. Tumbo lake likisimama, gesi hujaa, anaumwa, maumivu yanamzuia kula, na kutokula kunazidi kulisimamisha tumbo. Akipitisha muda wa saa 12 bila kula wala kunya, usingoje asubuhi. Mapema zaidi utaona punje za kinyesi zimekuwa ndogo, kavu, hazilingani; atakaa amejikunja, macho nusu, anasaga meno. Akionwa hapo, mara nyingi ni sindano na dawa za kwenda nazo nyumbani. Akicheleweshwa siku mbili, ni kulazwa. Usimshindilie chakula kwa sirinji tumbo likiwa gumu kama ngoma. Daktari ampapase kwanza, pengine kuna kilichoziba.

Kila Ijumaa mpime. Weka beseni kwenye mizani ya jikoni, ibonyeze isome sifuri, mtie Pamba, andika. Ana kilo 2. Akipungua gramu 200 kuna jambo, hata kama anaonekana mchangamfu.

Kinga yake kubwa ni nyasi kavu. Asilimia 80 ya chakula chake iwe nyasi, usiku na mchana zisikatike. Nunua robota la nyasi za boma rhodes kwa mwenye agroveti, utapata nafuu kuliko mifuko midogo. Huku kwetu unyevu ni adui: liinue juu ya mbao, lisiguse sakafu wala ukuta, na ukisikia harufu ya uvundo tupa sehemu hiyo. Peleti zisizidi gramu 50 kwa siku, karibu kikombe kimoja cha kahawa. Mkate, biskuti na mahamri ya mamako, hapana. Parachichi ni sumu kwake, na majani mabichi ya muhogo pia usimpe.

Dawa za kujinunulia nazo ndizo zinazotia watu hasara. Amoksilini au dawa yoyote ya jamii ya penisilini kwa mdomo huua vijidudu vizuri vya tumbo la sungura na inaweza kumuua. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili usimtie. Akijikuna masikio na ukaona magamba ya hudhurungi ndani, ni utitiri, na tiba ya kawaida ni ivamektini, lakini ile ya ng'ombe ina miligramu 10 katika mililita moja, naye anahitaji chini ya sehemu ya kumi ya mililita. Kosa dogo la mkono, umemzidishia. Mwache daktari adunge, na arudie baada ya siku 10 hadi 14.

Na kizazi. Pamba ni jike, na majike wasiotolewa kizazi hupata sana saratani ya kizazi wakifika miaka mitatu, minne. Bima haitalipia kukitoa, huhesabiwa ni hiari yako. Kwa hivyo muulize daktari kama kizazi na meno vyaweza kufanywa kwa nusukaputi moja, au kama ni mzigo mkubwa kwake kwa siku moja; amsikilize moyo kwanza. Wakikuambia asile usiku wa kuamkia upasuaji, uliza tena kwa upole. Mbwa hufungishwa kwa sababu hutapika. Sungura hawezi kutapika, na kumshindisha njaa kunalisimamisha tumbo.

Siku ya kumpeleka, vuka na feri ya alfajiri. Katoni iliyofungwa ndani ya gari linalongoja foleni ya feri saa saba mchana wakati huu wa kaskazi ni hatari tupu. Joto likipita nyuzi 30 sungura hawezi kujipoza. Chukua kikapu chenye matundu, na chupa ya maji yaliyoganda iliyofungwa kwa leso aiegemee.

Ajenti akija, mwambie alete masharti kamili na muda wa kuyasoma, umuulize: inalipa matibabu au kifo? Meno yamo? Leseni yake ni ya mwaka huu kutoka kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima? Akisema bei inapanda Jumamosi, mwache apandishe.

Sasa nijibu. Kadi ya daktari unayo wewe au imebaki kule? Ile bili ya juzi walikuandikia kila kitu au jumla tu? Umeshatoa pesa yoyote kwa ajenti, hata ya fomu? Pamba ana umri gani hasa, maana uliniambia miaka miwili na Swabra anasema mitatu? Anadondosha mate kidevuni? Na Ijumaa nije niwepo ajenti akifika? Nikivuka saa nne asubuhi nitakuwa nimewahi?

Wasalimie wote, mamako mwanzo.

Shoga yako,
Mwanaisha