Umeme wa betri yako haujaibwa, umegeuka joto

Wiki hii mteja mwingine ametupigia akifoka: betri tuliyomuuzia "inakula umeme." Jua limewaka kutwa, lakini akiwasha friji na TV, muda si muda inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, inalia na kuzima. Kwa hiyo, anasema, tumemtapeli.

Nikaenda na kipima volti. Friji na TV zikiwa zimewashwa, kwenye terminali za betri, pale waya unapofungwa, nilisoma volti 12.4. Kwenye inveta, mita tatu tu mbele, volti 10.3. Inveta nyingi za volti 12 zikiona hivyo hudhani betri imekwisha, hujizima. Kumbe sisi tulimpimia kebo ya milimita za mraba 25, akaona bei kubwa, akafunga waya wa 1.5, ule wa taa!

Ampea 30 zilikuwa zinapita humo. Binti yake yuko sekondari, nikampa kalamu: volti 2.1 zilizopungua njiani, mara 30. Wati 63, karibu sehemu moja ya sita ya umeme wote uliotoka kwenye betri. "Sasa zimekwenda wapi?" Nikamwambia aguse ganda la waya kwa ncha ya kidole. Aliurudisha mkono haraka.

Nishati haiundwi wala haiangamii, inabadilika umbo. Mwanga wa jua unakuwa umeme kwenye paneli, umeme unakuwa nishati ya kikemikali ndani ya betri, ukitoka unarudi kuwa umeme. Kila inapogeuka, kiasi fulani kinaishia kwenye joto usilolihitaji. Hata paneli nzuri hugeuza kama asilimia 20 tu ya mwanga, na sehemu kubwa ya uliobaki huipasha moto yenyewe. Kebo nene ina shaba nyingi, upinzani mdogo, joto dogo. Bei yake ndiyo hiyo shaba.

Kuna aliyetaka betri ya volti 12, ampea-saa 100, imchemshie maji ya familia. Lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 100 inataka wati-saa 93 hivi. Betri ya asidi hatushauri kuishusha chini ya nusu, yaani kati ya wati-saa 1,200 (12 mara 100) una 600. Lita sita, na taa bado hujawasha. Alinuna, akaenda kununua kwingine.

Kwa huyu wa wiki hii tulifunga kebo ya 25. Inveta ikasoma 12.3, friji ikaendelea kunguruma. Waya wa zamani binti aliomba abaki nao. Karibu na terminali ganda lilikuwa limeyeyuka hadi shaba inaonekana.