Sisi wenye santre za private tulikula makuta gani ya corona?

Bwana mhariri,

Wiki iliyopita mliweka barua ya msomaji mmoja anasema wenye santre za private (vituo vya afya vya watu binafsi) walikula makuta, yaani pesa, ya corona. Nilisoma nikacheka, kisha nikakasirika, ju mimi ni infirmiye (muuguzi), niko na kasantre kadogo hapa Birere, Goma, vitanda sita tu, na 2020 njo mwaka ilinimaliza.

Tukumbushane. Mgonjwa wa kwanza alionekana Kinshasa tarehe 10 Machi, tarehe 21 Rwanda ikafunga mipaka, tarehe 24 rais wetu wa Congo akatangaza hali ya dharura. Masomo, kanisa, bare, vyote vikafungwa. Sisi tulipaswa kubaki wazi, na ni sawa, ugonjwa haingojei. Lakini wagonjwa wangu ni nani? Ni bamama wenye kuvuka Petite Barrière, mupaka wa kwenda Rwanda, kila asubuhi na beseni ya nyanya ao ndizi, na wamotari wenye kuwabeba. Mupaka ukifungwa, mama anakula mtaji na watoto kwa wiki mbili, motari anakosa mtu wa kubeba, na mimi nakaa mlangoni nahesabu magari.

Na wenye walibaki na kakitu waliogopa kuja. Goma ilikuwa imetoka tu kuona Ebola 2019, watu walijua ukifika na homa wanakuandika wanakupeleka. Basi malaria wanaitibia nyumbani na vidonge, siku ya tano saa sita ya usiku njo wanagonga mlango, mtoto ameanza degedege. Utamrudisha?

Hapo njo kaye (daftari) ya madeni ilijaa. Zamani ukurasa moja ilikuwa inanitosha miezi mitatu, kutoka Aprili mpaka Juni niliandika kumi na moja. Mmoja: kujifungua mapacha, dola 25, alilipa 5, aliacha kitenge. Kile kitenge kiko bado mu kabati. Wenzangu wananiambia ungemfungia mpaka ndugu zake walete, kama wengine wanavyofanya, ila mimi sitaki, mama mzazi si mbuzi wa kushikwa ju ya deni.

Sasa upande wa kutoa: boksi ya gan (glavu) niliyokuwa nanunua dola 5 ilifika 15, weka kashene (barakoa), klorini, termoflash ya kupima homa, vyote dola, na franka inashuka. Leta (serikali) ilisema maji na umeme bure miezi mbili, aksanti, ila kwetu maji ni ya bidon na umeme naweka kredi kwanza. Bayeri, mwenye nyumba, alikuja kudai kodi yake. Watu wa takisi, kodi za serikali, nao walipita na karatasi zao kama vile hakuna kitu imetokea. Akushezi (mkunga) wangu alikubali nusu mshahara (Mungu amubariki), mu mwezi wa nane nikauza mikroskopi na kijana wa labo akaenda, angebaki anaangalia nini?

Zile primu, malipo ya juu ya mshahara, mnasikia zilikuwa za watu wa riposti, wale wa kupambana na corona, na hata wao Kinshasa waligoma ju hawakuziona.

Siombi mnilipie. Naomba siku ingine wakifunga mji, wasimamishe takisi ya santre ndogo zile miezi, na yule msomaji kama anataka kuona utajiri wangu apite Birere kabla ya saa ine, kaye iko juu ya meza.

Infirmiye wa Birere, Goma